Daraja Hupanda kwa Kadiri ya Chombo

Katika jengo la matofali mekundu lililo mlimani kule Port Aurell, watu waliogopa vitu viwili tu: barafu ya ngazini na mstari. Barafu huja na kuondoka. Mstari hauondoki. Mstari ni kile kipato ambacho ukikivuka, hata kwa senti ya pipi, serikali inakuambia wewe si maskini tena, na inaanza kuchukua ilichokupa. Hauonekani kwa macho, lakini kila mama wa jengo lile alijua ulipo, kama mtu anavyoijua gizani kona ya kitanda iliyowahi kumgonga mguu.

Renae Kangas alikuwa mmoja wa mama hao. Alikuwa na binti mmoja, Aila, wa darasa la pili, na huyo Aila alikuwa na pumu. Baba yake alikwenda magharibi kwenye visima vya mafuta, akasema atawatumia nauli wamfuate. Nauli hiyo haijafika mpaka leo. Basi Renae akawa baba, akawa mama. Chakula alinunua kwa kadi ya serikali. Kodi ya nyumba serikali ilimpunguzia. Na dawa ya kupuliza ya Aila, ambayo bei yake ingemtoa mtu machozi dukani, ililipiwa na kadi ya matibabu. Kadi hiyo Renae aliificha ndani ya Biblia ya bibi yake, si kwa uchaji, bali kwa sababu hajapata kusikia mwizi anayefungua Biblia.

Mlango uliotazamana na wake ulikuwa wa Verna Bouchie, mwanamke wa makamo aliyelea wana watatu peke yake. Verna ndiye aliyekuwa mwalimu wa mstari pale jengoni. Mwaka mmoja, Krismasi ikikaribia, alifanya zamu za ziada kiwandani mwa samaki ili awanunulie wanawe viatu vya kutelezea barafuni. Akauvuka mstari. Viatu vikaingia, kadi zikatoka, na msimu mzima wa baridi wakala viazi.

"Lakini waliteleza vizuri mno," Verna husema akisimulia. "Njaa iliwafanya wepesi."

Watu hucheka. Kisha kila mmoja hutazama kikombe chake.

Sasa, kila Jumamosi Renae alimshika Aila mkono wakateremka mpaka kwenye mfereji, pale Ziwa Superior linapoingia bandarini. Hewa ya ziwa ilimfaa mtoto kifua, na kutazama meli hakutozwi kitu. Juu ya mfereji kuna daraja la chuma linalonyanyuka lote zima, limelala hivyo hivyo, kama sinia mikononi mwa mpishi. Meli ikija, magari husimama, daraja hupanda, meli hupita chini yake. Katikati ya daraja kuna kibanda cha vioo, na ndani ya kibanda alikaa Ardis Sundvold, mkuu wa daraja, mwanamke mwenye mvi na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na upepo.

Jumamosi moja Ardis aliteremka akitoka zamu, akasimama mbele yao.

"Wewe binti. Nimekuona hapa kwenye jua, nimekuona hapa kwenye theluji. Unamngoja nani?"

"Simngoji mtu, mama. Tunatazama tu."

"Mimi nimepungukiwa mtu huko juu. Nataka wa siku nne kwa juma mpaka ziwa ligande. Anayekuja bila kulipwa, akilipwa si atakuja pia? Fikiri. Jumamosi ijayo njoo upande na mimi uonje, halafu unipe jibu papo hapo. Meli za vuli hazimngoji mtu anayefikiri."

Renae alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Verna alikuwa ameleta bakuli la viazi na nyama ya kusaga, lingali linatoa moshi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko.

"Siku nne," akasema. "Umekwisha, mwanangu."

"Kwa nini nimekwisha?"

"Siku nne zinakupitisha mstari. Ukipita mstari, wataiangalia kadi ya mtoto. Hapo utapuliza nini kifuani mwa Aila? Honi ya meli?"

Aila aliyekuwa anatafuna akadakia, "Bibi Verna, honi ya meli haiingii mdomoni."

"Mwambie mama yako, maana mimi hanisikii."

"Na nikichukua siku mbili?" Renae akauliza.

"Siku mbili utabaki chini ya mstari, ndiyo. Lakini chakula watakupunguzia na kodi watakuongezea. Mwisho wa juma utajikuta ulivyokuwa, ila umechoka. Nani anaamka alfajiri, anapigwa na upepo wa ziwa, ili abaki alivyokuwa? Heri ulale, mwenzangu. Usingizi hauna mstari."

Usiku ule Aila alikohoa kidogo, na mama yake akaamka kutazama kama Biblia ipo mahali pake.

Jumatatu alikwenda ofisi ya msaada. Kule unachukua kikaratasi chenye namba, unakaa kwenye kiti cha plastiki, unangoja. Maisha yake mengi Renae aliyaacha kwenye viti vile. Aila alijifunzia kutembea kati ya miguu ya watu waliokuwa wakingoja pale. Namba yake ilipoitwa, alikaa mbele ya bwana mmoja mpole mwenye macho ya uchovu, jina lake Prue, akamweleza habari ya daraja.

Bwana Prue aligonga kompyuta, akagonga tena.

"Siku mbili uko salama," akasema. "Kadi ya chakula itapungua, kodi itapanda. Kitakachokubakia, dada, ni kama kuku mmoja na maziwa kwa juma. Sikufichi."

"Na siku nne?"

"Siku nne unavuka. Kadi ya mtoto itaangaliwa upya. Huenda ikabaki, huenda isibaki. Siwezi kukuahidi, na anayekuahidi anakudanganya."

Bwana Prue akavua miwani.

"Unataka kuniuliza nini hasa?"

"Nataka kuuliza kama inafaa. Kwa kuku mmoja."

Bwana Prue akaitazama kompyuta kana kwamba huenda jibu likatokea. "Hilo," akasema kwa upole, "halimo humu."

Jumamosi ikafika na upepo mkali na jua jeupe. Verna alikubali kukaa na Aila chini kwenye ukuta wa mfereji, huku akinung'unika kwamba yeye si kunguru hata akae kwenye upepo. Renae akapanda ngazi za chuma na Ardis. Moyoni alikuwa amebeba neno alilolipika usiku kucha, na walipofika kibandani akalitoa kabla hajakaa.

"Mama Ardis, nimepata njia. Nitafanya siku nne. Unilipe mbili."

Ardis alikuwa anamimina kahawa. Akaacha kumimina.

"Rudia?"

"Siku mbili ulipe. Mbili nyingine nakupa bure. Hivyo sivuki mstari, na wewe unapata mtu wako. Tena kama itafaa, hata hizo mbili unipunguzie kidogo, nikae mbali zaidi na mstari."

"Miaka yote niliyokaa humu," Ardis akasema polepole, "watu wananipandia ngazi hizi kuomba nyongeza. Wengine walilia. Mmoja alileta mkewe aje alie kwa niaba yake. Wewe ndiye wa kwanza kupanda kuniomba nipunguze." Akaweka birika chini. "Ni kosa kisheria. Na hata lisingekuwa kosa, nisingekubali. Kazi ya daraja haitolewi sadaka. Mtu wa bure siku moja atasema, 'Leo nimechoka, kwani nalipwa?' Na meli haiwezi kufunga breki kama gari."

Renae akaona haya zikimpanda mpaka masikioni. Lile alilolitengeneza usiku kucha, kule mlimani lingeitwa akili. Wenzake wangelisifu. Hapa juu, mbele ya ziwa lililotandazwa mpaka likakutana na mbingu, lilionekana dogo kama kifungo kilichodondoka.

Redio ikakoroma. Mashua ya tanga ilikuwa inaomba kupita.

"Kaa utazame," Ardis akasema.

Akasukuma kishikio kimoja. Chini kengele zikalia, vizuizi vikashuka, magari yakasimama kila upande. Akasukuma kingine. Renae akausikia mtetemo kwanza nyayoni, kisha magotini. Sakafu ikaanza kupanda. Kibanda kilikuwa kimefungwa kwenye daraja lenyewe, hivyo daraja lilipoondoka nao wakaondoka. Barabara, taa, na mistari ya njano, vyote vilikuwa vinapaa pamoja nao. Lakini kabla hajamaliza kushangaa, daraja likasimama. Lilikuwa limeinuka kidogo tu. Mashua ikapita chini yake, mlingoti ukaponea chupuchupu, na mzee mmoja ndani ya mashua akapunga kofia.

"Mbona limeishia hapa?" Renae akauliza. "Nilidhani linapanda mpaka juu."

"Kwani yule anakwenda mbinguni? Daraja hupanda kwa kadiri ya chombo. Nikilipandisha lote kwa kila kimashua, wale wenye magari watazeekea pale."

"Kumbe haliko hivyo tu, ama chini kabisa ama juu kabisa?"

"Wageni wote hudhani hivyo."

Renae alilitazama daraja likishuka, likikaa mahali pake kwa upole kama kuku anayekalia mayai. Kitu fulani kilikuwa kinamgonga moyoni, lakini bado hakikupata maneno.

Ndipo Ardis alipomkabidhi darubini na kumwonyesha mbali. Pale ziwa linapokutana na anga palikuwa na kialama cheusi, kidogo kama punje ya mtama. "Meli iitwayo Wendell Croft," akasema. "Anakuja kuchukua mawe ya chuma. Huyu ndiye mkubwa wao. Na huyu, binti, utampandishia wewe."

"Mimi?"

"Mkono wangu utakuwa juu ya wako. Lakini wa kusukuma utakuwa wako."

Punje ikawa kidole. Kidole kikawa nyumba. Nyumba ikawa mtaa mzima uliohama na watu wake na kujia mjini juu ya maji. Renae alikuwa ameziona meli miaka yote kutoka chini, ukutani, akiwa amemshika mtoto. Hakuwahi kuiona moja ikimjia yeye. Ilikuja bila haraka na bila kelele. Kitu kikubwa kiasi kile, alidhani, kitakuja na ngurumo. Lakini ilikuja kimya kama wingu, ikiyagawanya maji kwa adabu.

"Sasa," Ardis akasema.

Renae akasukuma kishikio. Kilikuwa chepesi. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba kilikuwa chepesi kama mpini wa sufuria. Kengele zikalia. Magari yakaanza kusimama, moja nyuma ya moja: lori la mbao, basi la wanafunzi, gari la polisi, gari refu jeusi la tajiri fulani, teksi, gari lililobandikwa alama ya ofisi ya serikali. Madereva wakazima injini. Wengine wakatoka nje wakaegemea milango. Foleni ikapanda mpaka mtaa wa pili, na hakuna aliyepiga honi wala kuuliza namba yake itaitwa lini. Watu wote hao walikuwa wanamngoja Renae Kangas.

Akasukuma cha pili. Chuma chote kile, tani kwa tani, kikanyanyuka. Uzani mkubwa wa saruji wa kusawazisha uzito wa daraja, ulioning'inia kwenye minara miwili ya kando, ukateremka kila upande, na wao wakapanda, wakapanda. Paa za maghala zikawa chini yao. Shakwe waliokuwa juu yao wakawa chini yao. Akaliona jengo la matofali mekundu kule mlimani na dirisha lake mwenyewe na pazia lake la maua, na halikuwa kubwa kuliko ukucha. Akaona mji wote kwa mara moja, pande mbili za maji. Akasahau kupumua. Alikumbuka pale kifua kilipoanza kumwuma, na akamfikiria Aila.

Meli ikaingia mferejini, ikapita miguuni pao, ikaendelea kupita na kupita. Ilikuwa ndefu hata macho ya mtu yakachoka kuimaliza. Juu ya sitaha kulikuwa na mtu mmoja aliyevaa kofia ya manjano, na alikuwa anaendesha baiskeli kutoka kichwani mwa meli kwenda mkiani.

Kisha meli ikasalimu. Mlio mmoja mrefu, na miwili mifupi.

Ule mlio hausikiwi kwa masikio peke yake. Vioo viliusikia, kahawa iliusikia kikombeni, mifupa iliusikia. Ardis akamgusa bega. "Mwitikie. Meli ikisalimu, daraja huitikia. Asiyeitikia ni kama mtu anayepita mlangoni kwa mkwewe bila hodi."

Renae akavuta kamba ya honi. Mrefu mmoja. Ukayumba kidogo mwishoni. Mfupi. Mfupi. Sauti ikatoka juu ya kichwa chake, ikaenda ziwani, ikagonga mlima, ikarudi. Kule chini, ukutani, akawaona wawili wadogo: mmoja ameziba masikio kwa mikono miwili, akiwa ameinamia upepo, na mwingine hakuziba kitu. Aila alikuwa amesimama wima, uso ameuinua, kinywa wazi, kana kwamba anainywa ile sauti.

Hapo ndipo maneno yalipomjia Renae.

Alilishusha daraja, mkono wa Ardis ukiwa juu ya wake, magari yakaanza kutembea. Akageuka.

"Nitachukua siku mbili," akasema. "Za kulipwa. Nne siwezi. Mtoto wangu ana kadi ya dawa, na siichezei, hata kwa daraja hili."

"Nilikuambia nataka wa siku nne."

"Uliniambia pia daraja hupanda kwa kadiri ya chombo. Chombo changu mimi ni mashua, mama. Haijawa meli. Mtoto akikua, kifua kikimkaa sawa, nitakuja kuomba unipandishie zaidi. Kwa sasa kimo changu ni siku mbili."

Ardis akacheka, kicheko cha mtu aliyenaswa kwa ndoano yake mwenyewe.

"Kinywa hicho ulikificha wapi ulipokuwa unaniomba nipunguze? Haya. Siku mbili nyingine nitampa Orrin. Amestaafu tangu majira ya kuchipua, na mkewe ameniomba mara mbili nimrudishe, anasema mzee anashinda jikoni akimpangia sufuria zake kwa ukubwa."

"Na vuli, meli zikizidi? Hutaniambia niongeze?"

"Nitakuambia. Wewe utaniambia hapana. Ndiyo kazi ya mwenye daraja, kujua kimo."

Renae aliteremka ngazi zile za chuma akiwa ameshikilia chuma kwa mikono miwili. Chini Aila akamrukia.

"Mama! Ulizungumza na meli!"

"Ilianza yenyewe," Renae akasema. "Mimi niliijibu tu."

"Ilisema nini?"

Akafikiri. "Ilisema hujambo. Nikasema sijambo."

Verna alikuwa anajipapasa masikio. "Sasa? Umechukua nne, ukatuue?"

"Mbili."

"Mbili! Kwa kuku mmoja!"

"Kwa kuku mmoja, Verna. Na maziwa."

Verna akafungua kinywa amwambie lile la usingizi usio na mstari. Lakini aligeuza macho kidogo, akaiona foleni ya magari ambayo ilikuwa bado haijakwisha kupita, lori na polisi na tajiri na gari la ofisi, yakisogea moja moja. Akaifuata kwa macho mpaka mtaa wa pili. Akafunga kinywa.

Barua ya kupunguziwa chakula ilikuja kama Bwana Prue alivyosema, na kodi ikapanda kama alivyosema. Renae hakupata utajiri. Jumapili jengo lilinukia kuku, basi. Siku zake mbili zilikuwa Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa Verna alimpokea Aila kutoka shule, akidai malipo yake ni paja.

Jumamosi moja, majani yakiwa mekundu mlimani, watu kutoka mbali walikuwa wamejipanga ukutani na kamera zao. Wendell Croft alikuwa anatoka, amelala chini majini kwa uzito wa mawe ya chuma. Kengele zikalia, magari yakasimama, daraja likapanda juu kabisa. Meli ikasalimu, na kutoka mbinguni daraja likaitikia, mrefu mmoja, mifupi miwili, bila kuyumba.

Bwana mmoja mwenye kamera akamwuliza mwanamke aliyesimama karibu naye na mtoto, "Ni mashine inayofanya yote haya, eti?"

"Mashine!" Verna akasema. Hakuwa ameziba masikio. "Hebu tazama kile kibanda. Unamwona yule aliye ndani? Huyo ni wa ghorofa yetu. Mlango wake unatazamana na wangu." Akawaonyesha wale wenye magari kwa kidole, tangu wa kwanza mpaka aliko wa mwisho asiyeonekana. "Na hawa wote unaowaona, bwana, wanamngoja yeye."